Je, mfuasi wa Wastoiko halii msibani?

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 38, nauza spea za pikipiki hapa Mwanza. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume alichukua milioni nne na laki mbili za mtaji wa duka, akaniambia anafuata mzigo Dar. Mzigo haukuja, hela haijarudi, na simu yangu hapokei. Nikawa natafuta cha kunituliza, nikakutana kwenye simu na mafundisho ya Wastoiko, wale wanafalsafa wa Ugiriki na Roma ya kale, yakaniingia. Nikajiwekea sheria moja: kisicho katika uwezo wangu hakinihusu. Miezi mitano iliyopita mama yetu akafariki. Sikulia nyumbani wala kaburini, na nikajiona nimefuzu. Sasa mke wangu anasema anaishi na jiwe. Naamka saa tisa usiku, usingizi haurudi. Juzi binti yangu wa miaka sita alimwaga uji, nikamfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango wa chumbani. Nimekosea wapi? Falsafa hii ni ya watu wasio na familia? Au nizidi kujikaza mpaka nizoee?"

Marahaba, ndugu yangu. Pole sana kwa kufiwa na mama. Naanza na pole kwa makusudi, kwa sababu katika barua yako yote kifo chake kimepata sentensi mbili tu, na ya pili inaeleza ulivyojizuia.

Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba umejifunza kitu kizuri lakini mazoezi hayajatosha: ukikaza zaidi, usingizi utarudi na hasira zitakwisha. Nakujibu mapema ili usisome huku roho iko juu. Usizidi kujikaza. Ulichokifanya miezi hii mitano kimekugharimu nguvu nyingi, na naheshimu juhudi hiyo, ila Wastoiko wenyewe hawakukifundisha. Nadhani sauti uliyokuwa ukiitii ni ile tuliyolelewa nayo wanaume wengi, "mwanamume halii", na ulipokutana na Wagiriki wa kale ukaona wameipigia muhuri.

Lakini sheria yako hukuizua, na ni haki niseme hivyo. Epictetus, mmoja wa walimu wakubwa wa Wastoiko, alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karibu mwaka 50 baada ya Kristo. Hakuandika chochote, aliyetuwekea maneno yake ni mwanafunzi wake Arrian. Kile kijitabu chake cha mkononi, ambacho ndicho watu husambaziana vipande vyake kwenye simu, kinafunguka kwa kuyagawa mambo mafungu mawili. Yaliyo katika uwezo wetu ni maoni yetu, misukumo yetu ya kutenda, tunachokitamani na tunachokikwepa. Yasiyo katika uwezo wetu ni mwili, mali, sifa na vyeo. Na mwishoni mwa sura hiyo ya kwanza mwanafunzi anaambiwa kwamba akijiwa na jambo lisilo katika uwezo wake, awe tayari kusema: hili si kitu kwangu. Mtu akiusoma ukurasa huo peke yake na kufunga kitabu, atafika pale pale ulipofika wewe.

Arrian huyo huyo aliandika pia Mazungumzo ya mwalimu wake, na vitabu vinne vyake vimetufikia. Katika kitabu cha tatu, sura ya pili, Epictetus anasema haimpasi kuwa mtu asiye na hisia kama sanamu. Inampasa atunze mahusiano yake, yale aliyozaliwa nayo na yale aliyoyapata baadaye, kama mcha Mungu, kama mwana, kama ndugu, kama baba, kama raia. Soma orodha hiyo tena polepole. Mwana, ndugu, baba. Ndizo nafasi tatu unazoniandikia habari zake, na katika zote tatu umejaribu kuwa sanamu.

Basi "si kitu kwangu" ina maana gani? Kwa Wastoiko, wema na uovu wa kweli vimo katika tabia ya mtu na maamuzi yake tu. Mama kufariki hakukufanyi mtu mbaya, wala wizi wa mdogo wako haukufanyi wewe mwizi. Katika hesabu hiyo moja, ya kupima wewe ni mtu wa namna gani, matukio hayo hayaingii. Hawakusema kwamba mama, afya au mtaji ni sawa na vumbi. Walikuwa na jina maalumu la vitu hivyo: havihesabiwi kuwa wema wenyewe, ila vinastahili kupendelewa, kutafutwa na kutunzwa, na mtu anayevidharau anakwenda kinyume cha maumbile. Kutaka mama yako awe hai ni jambo la kawaida kabisa mbele ya mwalimu yeyote wa shule ile.

Sasa tuingie ndani, maana hapa ndipo barua yako ilipokwama.

Aulus Gellius, mwandishi Mroma wa karne ya 2, anasimulia safari ya meli kutoka Cassiopa, Ugiriki, kwenda Brundisium, Italia. Usiku ule bahari ilichafuka vibaya. Wewe ni mtu wa Mwanza, unajua ziwa likigeuka watu wanakuwaje ndani ya meli. Abiria walikuwa wakilia, naye Gellius akamtafuta kwa macho Mstoiko mmoja maarufu wa Athene aliyekuwa pamoja nao, aone mwanafalsafa anakabilije kifo. Akamkuta amepauka uso kama wengine, ila hapigi kelele. Dhoruba ilipotulia, tajiri mmoja akamsimanga: mbona na wewe uliogopa? Baadaye Gellius alipomuuliza kwa adabu, yule mzee akatoa mkobani kitabu cha tano cha Mazungumzo ya Epictetus, kitabu ambacho leo kimepotea, akamwonyesha mahali palipoandikwa kwamba mshindo wa ghafla au habari ya hatari humtikisa hata mwenye hekima. Moyo unasinyaa, uso unapauka, kabla akili haijafika. Tofauti inaanza baada ya hapo. Mjinga anaridhia kwamba jambo ni baya kama lilivyomtokea mara ya kwanza. Mwenye hekima anatikisika, kisha haridhii upesi.

Kumbuka neno hilo, kuridhia, kwa kuwa mafundisho yao yote kuhusu hisia yamebebwa nalo. Seneca, Mstoiko wa Roma aliyeandika kwa Kilatini vitabu vitatu juu ya hasira, anaeleza jambo hilo hilo. Mtikisiko wa kwanza haumo katika hiari yetu. Ni kama mwili kusisimka ukimwagiwa maji baridi, au kizunguzungu mtu akitazama chini kutoka mahali pa juu. Kisha hufuata hukumu: nimedhulumiwa, lazima nilipize. Mtu akishairidhia hukumu hiyo, hasira inamchukua kama aliyejirusha kutoka kwenye jabali, ambaye hawezi tena kujisimamisha hewani. Kwetu tuna maneno mawili tu, hasira hasara, na Seneca angeyakubali. Aliandika kwamba hakuna tauni iliyowagharimu wanadamu kuliko hasira.

Chukua siku ya uji. Bakuli linaanguka, damu inapanda kichwani: huo ni mtikisiko, huna kesi. Halafu, kwa kasi ambayo huenda hukuiona, ikapita sentensi. Siijui ilisemaje, wewe ndiye wa kuichunguza, lakini mtoto wa miaka sita hafokewi kiasi kile kwa ajili ya uji. Nakisia ilikuwa kama "kila mtu anachukua changu na kuniharibia". Sentensi hiyo haikuzaliwa mezani. Ni ya mdogo wako. Ulisema hakuhusu, ukamfungia nje, naye akaingia siku ile kupitia kwa binti yako, kwa kuwa mtoto ndiye pekee nyumbani asiyeweza kukujibu.

Sasa niambie: chozi la kwanza pale kaburini liko fungu lipi? Kifua kubana, koo kukaza, macho kulowa, vyote hivyo viko pamoja na mwili, katika yale yasiyo katika uwezo wako. Kwa kanuni yako mwenyewe, chozi lile halikuwa lako kulitawala. Umelala na kuamka miezi mitano ukipigana na kitu ambacho kitabu chako kinasema si chako, na zile sentensi zinazopita moyoni, ambazo ndizo zako hasa, hujazigusa. Kuzuia uso usionyeshe kitu hakuondoi kilichomo. Kinabaki mle mle, kikisubiri saa tisa usiku nyumba ikinyamaza.

Kuhusu msiba, Wastoiko walitofautiana, na sitakuficha. Seneca alimwandikia rafiki yake Lucilius, aliyefiwa na mwenzake, kwamba macho yasiwe makavu wala yasifurike. Machozi yatoke, tusipige yowe. Katika barua hiyo hiyo anakiri kwamba yeye mwenyewe alipompoteza rafiki yake Annaeus Serenus alilia kupita kiasi, hata akajiweka kwenye kundi la walioshindwa na huzuni. Marcus Aurelius, aliyekuja kuwa kaisari kuanzia 161 hadi 180, alipokuwa kijana alimlilia mlezi wake, na watumishi wa jumba wakawa wanamzuia asionyeshe huzuni. Inasimuliwa kwamba baba yake wa kulea, kaisari Antoninus Pius, aliwaambia wamwache awe mwanadamu, kwani wala falsafa wala ufalme haviondoi hisia. Epictetus ndiye mkali kuliko wote. Anasema ukimkuta mtu analia umfariji kwa maneno, hata uugue pamoja naye ikibidi, lakini usiugue ndani. Hapo sikubaliani naye. Miaka mingi nimefundisha ukurasa ule, na nilipomzika baba yangu niliugua ndani na nje, wala sikuona kama nimemsaliti mwalimu yeyote.

Mila zetu zina hekima kubwa katika hili kuliko tunavyozipa sifa. Matanga yalikuwa mahali pa watu kukaa nawe huku ukilia, ukisimulia, ukinyamaza, kisha arubaini ikakupa siku ya kurudi. Ninavyokusoma, wewe ulikuwepo matanga kama msimamizi: chakula, maturubai, michango. Hukuwahi kukaa mkekani kama mwana. Bado inawezekana. Nenda kaburini na mke wako, au na dada wa marehemu kama yupo, na umtaje mama kwa sauti. Sema alikuwa akikuita jina gani.

Umeuliza kama falsafa hii ni ya watu wasio na familia. Zeno, aliyeianzisha, alikuwa mfanyabiashara wa Kition, Kupro. Inasimuliwa kwamba meli yake ilizama na shehena yote, akajikuta Athene bila kitu. Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo akaanza kufundisha katika baraza lenye michoro kandokando ya soko la mji, na kwa Kigiriki baraza hilo liliitwa stoa, ndipo jina likatoka. Aliyemrithi, Cleanthes, usiku alikuwa akichota maji bustanini kwa ujira ili mchana asome. Ilikuwa shule ya sokoni, inayosikiwa na wapita njia. Ukifungua Matendo ya Mitume sura ya 17 utawakuta Wastoiko mjini Athene wakijadiliana na Paulo. Mwalimu wa Epictetus, Musonius Rufus, alifundisha kwamba ndoa si kizuizi kwa falsafa, na kwamba wanawake nao wafundishwe. Marcus Aurelius alipata watoto zaidi ya kumi na akazika wengi wao.

Na kuna kisa kimoja nataka ukisome mwenyewe, kitabu cha kwanza cha Mazungumzo, sura ya 11. Ofisa mmoja alimwendea Epictetus akamweleza kwamba binti yake mdogo aliugua sana, naye kwa jinsi alivyompenda hakuvumilia kukaa kitandani pake. Akakimbia nyumbani mpaka alipoletewa habari kwamba mtoto amepona. Epictetus hakumsifu kwa kukwepa maumivu. Akamuuliza: mama yake hampendi? Yaya wake je? Mlezi wake? Basi nao wangeondoka, mtoto afe mikononi mwa watu wasiompenda? Yule baba alikuwa ameliita woga wake upendo. Wewe hukukimbia kwa miguu, ndugu yangu. Lakini mke wako anaposema anaishi na jiwe, anakuambia umeondoka.

Kwa hiyo kwa binti anza leo. Keti chini usawa wake, umwambie ulikosea kumfokea na kwamba uji haukuwa kosa kubwa. Usimweleze falsafa. Kwa siku zijazo, dawa ya Seneca ni kuchelewa. Damu ikipanda, usijiambie "sikasiriki", kwa kuwa ni uongo na mwili unajua. Jiambie "nimetikisika", toka uani, nawa uso, ukirudi ndipo useme la kusema. Usiku, kabla ya kulala, fanya alichokuwa akifanya yeye taa ikishazimwa na mke wake, aliyeijua desturi ile, amenyamaza: aliipitia siku yake yote, akijiuliza amekosea wapi, kisha akajisamehe kwa sharti la kutorudia. Watu husahau sehemu hiyo ya kujisamehe.

Suala la mdogo wako ni gumu zaidi, na umelifanya gumu kwa kudhani uchaguzi ni kufunga moyo au kupasuka. Epictetus ana mfano wa kitu chenye mishikio miwili, mmoja unabebeka, mwingine haubebeki. Ndugu yako akikudhulumu, usimshike kwa mshikio wa dhuluma. Mshike kwa huu kwamba ni ndugu, mmelelewa pamoja. Wasomaji wengi huishia hapo wakadhani wameamriwa kusamehe deni. Sivyo. Haki ni mojawapo ya fadhila nne za Wastoiko, pamoja na hekima, ujasiri na kiasi. Milioni nne na laki mbili ni ada, ni kodi ya fremu, ni mzigo wa duka. Kuzidai ni wajibu wako kama baba. Ita wajomba au baba mdogo, mweke kikao, deni liandikwe, apangiwe namna ya kulipa hata kidogo kidogo. Fikiria mpiga mshale ambaye Wastoiko humtaja: kulenga vizuri, kuvuta upinde sawasawa, hayo ni yake, upepo ukiusogeza mshale baada ya kuuachia, hilo si lake. Huenda hela isirudi. Huenda ikarudi nusu. Usimpe mtaji tena, na simu uendelee kumpigia, maana naye amefiwa na mama huyo huyo, na nina hakika yuko mahali anaogopa kupokea.

Unaweza pia kuiacha falsafa hii. Nasema kwa moyo mweupe. Kama ni Mkristo au Mwislamu, una hazina ya maneno ya faraja kwa waliofiwa, na padri, mchungaji au shehe wako anaweza kukufaa kuliko mimi. Ukitaka kuendelea nayo, weka kando vile vipande vya simu kwa miezi michache, usome Mazungumzo yenyewe na barua za Seneca polepole.

Lakini kuna sehemu ya barua yako ambayo hakuna kitabu changu kinachoitosha, nayo ni usingizi. Mtu aliyefiwa kulala vibaya wiki za mwanzo ni kawaida. Kuamka saa tisa kila usiku miezi mitano baadaye, hasira kulipuka kwa jambo dogo, moyo kuwa ganzi, hizo kwa pamoja zinaweza kuwa dalili za sonona, ambayo wengi huiita kwa Kiingereza depression, na kwa wanaume sonona mara nyingi hujionyesha kwa hasira kuliko kwa machozi. Ni ugonjwa, na una matibabu. Kipimo ambacho wataalamu hutumia ni wiki mbili: hali ya namna hiyo ikidumu wiki mbili karibu kila siku na kuvuruga kazi au nyumba, nenda ukaonwe. Wewe umeshapita. Nenda hospitali ya mkoa uulizie kliniki ya afya ya akili. Mwambie daktari hayo matatu uliyoniandikia, na mengine ambayo hukuniandikia: unakula vipi, unakunywa pombe kiasi gani, na kama umewahi kuwaza kwamba ni heri usiwepo. Kama wazo hilo la mwisho limekujia, usisubiri miadi wala wiki ijayo. Mwamshe mke wako usiku huo huo, mwende pamoja hospitali iliyo karibu.

Nenda naye hata kama hilo halijakujia. Yeye ndiye aliyekuona miezi hii yote, na daktari atataka kusikia upande wake.